Madini ya Kivu na Macho ya Washington

Sheria ya Dodd-Frank ilitungwa kuzibana benki za Marekani baada ya anguko la fedha la 2008. Rais Barack Obama aliitia saini tarehe 21 Julai 2010, ikiwa na kurasa zaidi ya 800 zinazohusu mitaji, mikopo ya nyumba na usimamizi wa masoko. Ukiisoma mpaka karibu na mwisho, kwenye sehemu ya mambo mengineyo, ghafla unaikuta Kongo. Kifungu cha 1502 kinaziagiza kampuni zinazosimamiwa na SEC, tume ya masoko ya hisa ya Marekani, zichunguze kama bati, tantali, tangsteni na dhahabu zilizomo kwenye bidhaa zao zimetoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo au nchi tisa zinazopakana nayo, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zikiwemo. Kule Kivu, mashariki mwa Kongo, watu hawakuhangaika na namba ya kifungu. Waliiita Sheria ya Obama.

Madini ya Walikale, huko Kivu Kaskazini, yaliingiaje kwenye sheria ya benki? Wengi wetu hukimbilia jibu la maslahi: Mmarekani hafanyi kitu bila faida. Safari hii jibu hilo halitoshi. Wenye viwanda walikipinga kifungu hicho, na chama chao kikaishtaki SEC mahakamani. Wizara ya ulinzi haikukiomba. Kilichokibeba ni picha ya Kongo ambayo Mmarekani wa kawaida alikuwa nayo kichwani tangu zamani, na sheria ikachukua umbo la picha hiyo mpaka kwenye vipengele vyake vidogo: nani atende, nani aulizwe, nani asiulizwe kabisa.

Picha yenyewe ina zaidi ya miaka mia moja. Marekani ndiyo nchi ya kwanza kuitambua bendera ya chama cha Kongo cha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1884, miezi kabla ya mkutano wa Berlin. Wasomaji wa New York walikuwa wameshalishwa safari za Stanley gazetini, na kwao Kongo ilikuwa mto, msitu na mzungu mwenye kofia. Ukatili wa kuwalazimisha Wakongo kuvuna utomvu wa mpira chini ya Leopold ulipojulikana, habari ilifika kwa njia ya picha. Mwaka 1904, kwenye misheni ya Baringa, Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala akiutazama mkono na mguu wa binti yake Boali, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha za namna hiyo zilirushwa ukutani kwa taa makanisani na kwenye kumbi, Uingereza na Marekani, na watu wakitoka hapo waliandika barua kwa wabunge wao. Mwaka 1905 Mark Twain akachapisha kijitabu cha kumkejeli Leopold. Mwaka 1908 mfalme alilazimika kuikabidhi Kongo kwa dola ya Ubelgiji.

Kampeni ile ilifaa, na hapo ndipo lilipo tatizo lake, kwa sababu jambo lililofanikiwa huigwa. Iliacha kiolezo: kuna mnyama mmoja mwovu, kuna mwathirika asiyezungumza, kuna kiungo cha mwili kilichokatwa, halafu kuna raia mwema wa mbali ambaye akishika kalamu mambo yatabadilika. Mwaka 1906, huku huruma hiyo ikiendelea kuchangiwa, Ota Benga, kijana kutoka Kongo, aliwekwa kwenye banda la nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakilipa nauli kwenda kumtazama. Waliokuwa wakilia na waliokuwa wakishangaa walisoma magazeti yaleyale.

Kulikuwa na njia nyingine ya kuitazama Kongo, na inasikitisha kwamba haikushinda. George Washington Williams, Mmarekani mweusi, mwanajeshi wa zamani na mwanahistoria, alisafiri Kongo mwaka 1890 na kumwandikia Leopold barua ya wazi yenye mashtaka 12. Hakutegemea vilio. Alieleza mikataba waliyosainishwa machifu, hila za kuwaaminisha kwamba mzungu ana nguvu za ajabu, mahakama zisizo za haki, biashara ya serikali iliyowanyima watu soko. Ni hati ya mtu anayeuliza nchi inatawalwaje. Wamarekani wachache waliisoma, na yeye akafariki mwaka uliofuata.

Picha pia huficha. Uranium iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, Katanga. Hakuna uhusiano mzito zaidi ya huo kati ya nchi hizi mbili katika karne ya 20, lakini muulize Mmarekani wa kawaida hata leo, jina hilo hajalisikia. Anachokumbuka aliyekuwa mtu mzima miaka ile ni Stanleyville, Kisangani ya leo, Novemba 1964: ndege za Marekani zikiwashusha askari wa miavuli wa Ubelgiji kuwaokoa mateka wa waasi walioitwa Simba, na Dkt. Paul Carlson, mmishonari, akipigwa risasi akiruka ukuta. Jarida la Time lilimweka kwenye jalada. Maelfu ya Wakongo waliouawa kabla na baada ya siku hiyo, na kazi ya CIA ya kumwinua Mobutu, havikuwa na uso wa kuwekwa jaladani.

Sasa tuje miaka ya 2000. Vita vya Kongo vilikuwa vigumu kuelezeka Marekani. Makundi mengi, majina ya vifupisho, nchi jirani zinazoingia na kutoka, hakuna upande wa kushangilia. Mtafiti Séverine Autesserre alionyesha mwaka 2012, katika jarida la African Affairs, jinsi ugumu huo ulivyotatuliwa: vita vikapewa chanzo kimoja, yaani madini, athari moja, yaani ubakaji, na dawa moja, yaani kuipa dola nguvu. Kila kimoja kina ukweli ndani yake. Ubakaji ulikuwa wa kutisha na haujaisha, na wenye bunduki kweli walikula kwenye migodi. Ila vitatu hivyo vilipofungwa pamoja vilitoa kitu ambacho wanaharakati wa Marekani walikuwa wakikitafuta muda mrefu: nafasi ya Mmarekani ndani ya hadithi. Tantali hutengenezewa vifaa vidogo vya umeme ndani ya simu. Basi vita viko mfukoni mwako. Shirika la Enough, lililoanzishwa mwaka 2007, liliibeba hoja hiyo mpaka vyuo vikuu, wanafunzi wakiwabana wakuu wao kununua kompyuta zisizo na madini ya vita.

Nchi ambayo watu wake hujieleza kwa vitu wanavyonunua hulipokea jambo la mbali likija kama bidhaa. Mmarekani alishasusia zabibu za California, alishaziondoa fedha za chuo chake kwenye kampuni zilizofanya kazi na makaburu, alishanunua kahawa yenye nembo ya biashara ya haki. Njia ilishakanyagwa. Kumwambia kwamba Masisi, Kivu Kaskazini, kuna ugomvi wa ardhi wa tangu ukoloni, na kwamba uraia wa wasemao Kinyarwanda ulitolewa kwa sheria ya 1972 ukanyang'anywa kwa ile ya 1981, ni kumwachia kitu asichoweza kukifanyia lolote.

Kutoka hapo hadi kwenye sheria kuna hatua za kawaida, na inafaa kuzijua kwa sababu hapo ndipo hadithi huongezwa au kupunguzwa. Ofisi ya mbunge ina vijana wanaopokea simu na kuandika ni wapiga kura wangapi wamepiga juu ya jambo gani. Simu kadhaa kwa wiki juu ya nchi ya Afrika tayari ni habari, kwa kuwa kwa kawaida hakuna anayepiga. Kisha hutafutwa mdhamini mmoja kutoka kila chama. Kwa Kongo walikuwa maseneta Sam Brownback, Mrepublican wa Kansas anayesukumwa na imani ya dini, na Russ Feingold na Dick Durbin wa Democratic. Upande wa Baraza la Wawakilishi alikuwepo Jim McDermott. Muswada wa peke yake juu ya Afrika mara nyingi hufia kwenye kamati. Ukipachikwa kama kiraka kwenye muswada mkubwa ambao lazima upite, unapita nao bila mjadala mrefu. Ndivyo Kongo ilivyoingia kwenye sheria ya benki. Na kwa kuwa chombo kilichokuwa karibu kilikuwa SEC, utekelezaji ukawa wa SEC, watu wa hesabu na hati za hisa, wasio na afisa hata mmoja Goma.

Mwaka huohuo 2010 ilipita pia sheria juu ya LRA, kundi la waasi wa Uganda la Joseph Kony. Seneta Tom Coburn wa Oklahoma aliizuia akitaka gharama zake zifidiwe kwa kukata fungu jingine. Vijana walilala nje ya ofisi yake Oklahoma City siku 11 mpaka wakaelewana. Ilisainiwa Mei 2010, na mwaka uliofuata Obama akatuma washauri wa kijeshi wapatao 100. Video maarufu ya Kony ilitoka Machi 2012, wakati Kony alikuwa ameshaondoka kaskazini mwa Uganda miaka kadhaa. Ilipoonyeshwa Lira, waathirika wenyewe walikasirika na maonyesho yakavunjika. Walikuwa wanatazama filamu ambayo shujaa wake ni mtu mwingine.

Turudi Kivu, maana huko ndiko sheria ilikofanya kazi yake. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, akaufungua tena Machi 2011. Lakini kuanzia 1 Aprili 2011 viwanda vikubwa vya kuyeyusha, kwa kuogopa wateja wao wa Marekani, vikakataa mzigo usio na uthibitisho wa asili. Sheria haikukataza kununua madini ya Kongo. Ilitaka ripoti tu. Ila meneja wa ununuzi aliyeko mbali alipiga hesabu rahisi: kuthibitisha mzigo wa Kivu ni kazi na hatari, kununua Australia au Brazili ni simu moja.

Chukua Bisie, mgodi wa kasiteriti, yaani mawe ya bati, ulioko msituni Walikale. Wabebaji walitoka na mawe hayo kwa miguu, gunia la kilo 50 mgongoni, mpaka barabarani, na mzigo ukapelekwa Kilambo, ambako kipande cha lami kilikuwa uwanja wa ndege. Ndege ndogo zilitua hapo zimebeba sabuni, bia, nguo na dawa kutoka Goma, zikarudi na mawe. Ndege haiji tupu kufuata kitu ambacho hakinunuliwi. Mawe yalipokosa soko, ndege zilipungua, na bidhaa za dukani Walikale zikapanda bei hata kwa mwalimu na muuguzi ambaye hajawahi kushika sururu. Wachimbaji wengine wakahamia kwenye dhahabu. Dhahabu nayo imo kwenye sheria, lakini kilo yake moja ina ujazo wa kama viberiti viwili na inapita mpaka wowote mfukoni. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba asilimia 98 ya dhahabu iliyochimbwa kwa mikono Kongo mwaka 2013 iliondoka kwa magendo.

Jibu la kiufundi lilikuwa lebo, kwa mpango uitwao iTSCi. Utaratibu wake ni huu. Gunia likitoka shimoni, afisa wa serikali hulipima, hulifunga na lebo ya mgodi yenye namba ya pekee, na kuandika daftarini namba, uzito, tarehe na aliyeleta. Dalali, ambaye Wakongo humwita negosia, hulipeleka kwenye kontwari, nyumba ya mnunuzi mwenye leseni ya kusafirisha nje. Huko huchambuliwa, hupimwa tena na kufungwa kwa lebo ya pili, na namba zote mbili huingizwa kwenye hifadhidata. Uzito wa pili ukizidi wa kwanza, kuna kitu kimeingizwa njiani. Gharama hutozwa kwa tani, na kila anayetozwa humkata aliye chini yake, kwa hiyo anayelipa mwishowe ni yule aliye shimoni.

Unaharibikia wapi? Kwanza, mpango ulianza kwenye maeneo machache, na Rwanda ilikuwa na lebo mapema kuliko sehemu kubwa ya Kivu. Gunia lisilo na lebo likivuka mpaka usiku na kupata lebo upande wa pili, asubuhi limekuwa halali na bei yake imepanda. Pili, anayefunga lebo ni mtumishi ambaye mshahara wake huchelewa au haupo, na lebo moja ina thamani sokoni. Tatu, shimo lililoidhinishwa likiwa limekauka, lebo zake bado zipo, na mzigo wa shimo la jirani lisiloidhinishwa hupitia jina lake. Hakuna kati ya haya ambacho mhasibu wa California anaweza kukiona kwenye karatasi.

Na karatasi zilikuwa nyingi. SEC ilipotoa kanuni zake Agosti 2012 ilikadiria gharama ya mwanzo kuwa dola bilioni 3 hadi 4. Kila mwaka, kabla ya tarehe 31 Mei kwisha, kampuni huwasilisha fomu iitwayo SD. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilipochambua fomu za mwaka wa kwanza iliona kwamba takriban asilimia 67 ya kampuni hazikuweza kubaini madini yao yalitoka nchi gani. Aprili 2014 mahakama ya rufaa ikasema kuilazimisha kampuni itangaze kwamba bidhaa yake haijathibitika kuwa huru na vita vya Kongo ni kuvunja uhuru wa kusema. Uhuru wa kusema wa kampuni ndio ulioamuliwa pale, na hilo ni swali la Kimarekani kabisa.

Septemba 2014 wataalamu na watu wa mashirika, jumla yao wapatao 70, Wakongo wengi wakiwemo, walitoa barua ya wazi wakisema sera hii imewadhuru wachimbaji bila kuondoa chanzo cha vita. Mwaka 2018 watafiti Nik Stoop, Marijke Verpoorten na Peter van der Windt walichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba vurugu ziliongezeka baada ya sheria. Sababu haihitaji fumbo: mwenye bunduki aliyekuwa akitoza ushuru mgodini hakuacha kula mgodi uliponyamaza. Alihamia barabarani. IPIS, taasisi ya utafiti ya Ubelgiji, ilihesabu vizuizi 798 vya barabarani kwenye Kivu mbili katika ripoti yake ya 2017. Anayepita na mkaa, maharage au ng'ombe hulipa. Hakuna mnunuzi wa simu anayeweza kususia maharage ya Masisi.

Haki isemwe, kuna migodi ambako lebo ziliwasukuma askari nje, na bati, tantali na tangsteni zilisogea mbali na makundi kuliko dhahabu. Ninachokataa ni kudhani kwamba kilichokosewa ni utekelezaji tu. Sheria ilikuwa kamilifu kwa upande wa mnunuzi, ambaye ndiye aliyechorwa kwenye picha. Mchimbaji alichorwa kama mtumwa, na mtumwa hapewi mkopo wala kibali cha eneo la kuchimba. Anafunguliwa aende zake. Kwenda wapi, picha haikusema.

Kiolezo hicho huweza pia kuua kwa kutotenda. Oktoba 1993 askari 18 wa Marekani waliuawa Mogadishu na maiti ikaburutwa mbele ya kamera. Miezi sita baadaye Rwanda ilisomwa kwa macho ya Mogadishu: Afrika, vurugu za kikabila, usiingie. Tarehe 21 Aprili 1994 Baraza la Usalama lilipunguza kikosi chake Kigali hadi watu wapatao 270, na tarehe 3 Mei, mauaji yakiendelea, Rais Clinton akasaini agizo la kubana ushiriki wa Marekani kwenye kazi za kulinda amani.

Mara nyingine picha huokoa, na mfano mkubwa ni PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi. Ukimwi nyumbani Marekani ulihukumiwa kama ugonjwa wa mashoga na watumiaji wa dawa za kulevya, na Seneta Jesse Helms alikuwa mkali kuliko wengi. Makanisa ya kiinjili yalipouleta kwa sura ya mama wa Kiafrika na mtoto anayezaliwa nao, Helms huyohuyo mwaka 2002 alisema anaona aibu na akaomba dola milioni 500 za kuzuia maambukizi ya mama kwa mtoto. Januari 2003 Rais George W. Bush akatangaza dola bilioni 15 kwa miaka mitano, Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zikiwa kwenye orodha ya mwanzo. Dawa zilifika, watu wakaishi. Lakini picha ilidai ushuru wake: theluthi ya fedha za kinga ilitengwa kwa mafundisho ya kujiepusha na ngono hadi ndoa, na mashirika yakatakiwa kuapa kupinga ukahaba. Brazili ilikataa dola milioni 40 mwaka 2005 kuliko kula kiapo hicho, kwa sababu wanawake hao ndio waliokuwa wakifanya nao kazi ya kinga. Sharti la theluthi lililegezwa mwaka 2008.

Kwa Kongo, picha sasa inabadilishwa tena. Waasi wa M23 waliiteka Rubaya, iliyoko Masisi, penye koltani nyingi, mawe yanayotoa tantali, mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakakadiria kwamba wanavuna dola 800,000 hivi kwa mwezi kutokana na kodi ya madini hayo. Goma ikaanguka Januari 2025, Bukavu Februari. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walisaini makubaliano Washington. Mazungumzo ya pale hayakuwa tena ya madini ya vita. Yalikuwa ya madini ya kimkakati na ya kuikamata nafasi ya China. Tantali ni ileile, ila Mmarekani ameondolewa kwenye kiti cha mnunuzi mwenye dhamira na kukalishwa kwenye cha mwekezaji.

Anayetaka kujua makubaliano hayo yatafika wapi ayasome kama tulivyokisoma kifungu cha 1502: nani ameagizwa kufanya nini, na chombo gani kitamfuatilia. Atazame pia kama kuna fedha zilizopitishwa kwenye bajeti, maana sheria ya Marekani inaweza kuruhusu matumizi bila kutoa hata dola moja. Makubaliano yanataja kurudi kwa wakimbizi. Familia itakayorudi Masisi baada ya miaka mingi inaweza kukuta shamba lake linalimwa na mtu mwenye karatasi ya mwami, yaani chifu wa jadi, au limekuwa malisho ya mtu mwenye hati kutoka Kinshasa. Mwekezaji wa koltani hana kazi hapo, na fomu ya SD haina mstari wa kuliandika hilo.